Mama Vifaranga na Kidonda Kilichokataa Dawa

Mama yetu tunayemzika leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda hicho. Siku moja aliingia darasani na kifaranga mfukoni. Mwalimu wa hesabu akasikia mlio, akauliza ni nani huyo. "Ni tumbo langu, mwalimu, halijala," akajibu. Alichapwa, lakini jina la Vifaranga likaanzia hapo.

Mwaka 1989 aliolewa na dereva wa lori, ambaye baadaye alizoea kumtania kwamba ameoa banda la kuku, mke amepewa kama nyongeza. Walijaliwa watoto watatu.

Alifanya usafi maofisini hadi mwaka 1998, alipoanza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Mwenye duka la dawa za mifugo ndiye aliyemfundisha kutia poda kwenye maji ya kuku kila asubuhi, wawe wagonjwa au wazima. Alimwambia asingoje waugue. Ilikuwa antibiotiki, jamaa ya zile tunazomeza sisi. Marehemu alikoroga kwa mkono mtupu, akafuta mkono kwenye kanga, akaenda kupika. Majirani wakaiga. Mtaa wote ukawa unanywesha kuku wazima dawa ya wagonjwa, na mwenye duka akawa anacheka na kila mtu.

Mwezi wa Juni mwaka 2023 waya wa banda ulimchana kidole gumba. Mkono ulipovimba, duka la dawa la kona lilimuuzia kapsuli chache bila cheti cha daktari, likamwambia akipata nafuu aache. Akapata nafuu, akaacha. Uvimbe uliporudi, ulipanda hadi kwenye kiwiko.

Alilazwa wodi ya wanawake, na yaliyomo humo yanatia kinyaa. Muuguzi mmoja alihudumia wodi nzima kwa glavu zile zile, akitoka kwenye usaha wa huyu kwenda kwenye mshono wa yule. Sinki lilikuwepo, limejaa bandeji chafu, sabuni hakuna. Daktari mkubwa alibonyeza kidonda, akajibu simu kwa mkono huo huo, akasogea kitanda cha pili. Marehemu, ambaye maisha yake yote hakuacha mtu aingie jikoni kwake bila kunawa, aligeukia ukutani asione.

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari kijana alikaa kitandani kwake akamweleza ukweli. Bakteria waliokuwa kidondani walikuwa sugu, na dawa zote za kabatini zimejaribiwa, hakuna hata moja iliyowaweza. Marehemu aliuliza kama ni kuku, ni kapsuli au ni wodi. Daktari akasema hawezi kujua wametoka wapi, ila kote huko ndiko wanakojifunza kutusumbua.

Jioni hiyo alimwita mumewe karibu.

"Baba watoto, ile poda ya kuku iache."

"Nikiacha wakafa je?"

"Mbona mimi nakufa na hujauliza? Mjukuu wako ndiye anayeokota mayai bandani. Unataka na yeye akatwe na waya?"

Mzee akaanza kumnyooshea shuka. Marehemu akatuambia sisi wengine: "Siku ya kunizika msiseme nimerogwa, wala msiseme niliugua kidogo. Semeni kidonda kilikataa dawa, na semeni kwa nini."

Wapo ndugu walioomba hapa paandikwe "aliugua kwa muda mfupi" ili hospitali isione haya na wafugaji wasikose wateja. Tumekataa. Aibu ni kuoza mkono ukiwa hai huku kila aliyehusika akipangusa vidole na kuendelea na kazi.

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2023, akiwa na miaka hamsini na saba.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu wanne. Ameacha pia mume, aliyekubali haya yasomwe mbele yake. Asubuhi ya leo kuku wamenyweshwa maji yenye poda kama kawaida, na mkewe bado anangoja jibu.

Mola amjalie pumziko ambalo wodi haikumpa.