Kibali cha Bàrbara

Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa raor, samaki mdogo mwekundu anayesubiriwa na kisiwa kizima cha Mallorca, na basi la asubuhi la kwenda bandarini lilijaa wavuvi. Coloma, muuguzi aliyekuwa anatoka zamu, alisinzia mpaka mama mmoja mbele yake alipomwonyesha mzee aliyeketi kando yake karatasi.

"Tazama, bwana. Kibali cha kuvua, jina langu mwenyewe, Bàrbara. Miaka arobaini nimevua kwa kibali cha marehemu mume wangu, mimi nahesabiwa abiria tu mashuani!"

Mzee, mwenye mwanzi wa kuvulia uliozungushiwa taulo, akacheka. "Hongera, mama. Lakini babu yangu alivua bila kumwomba mtu ruhusa. Bahari ina mwenyewe?"

"Babu yako ndiye aliyewamaliza samaki! Leo mimi nawapima kwa rula, wadogo nawarudisha majini."

Basi zima likaangua kicheko. Usingizi ukamruka Coloma.

"Kibali chako kiko wapi?" Bàrbara akauliza.

"Sina, na sichukui."

Basi likasimama gatini. Mkaguzi wa uvuvi alikuwa pale pale mlangoni, daftari mkononi. Mzee akamtazama, akaitazama bahari. Bàrbara akamkabidhi ndoo yake.

"Kubeba ndoo hakuhitaji kibali. Twende."

"Sheria ya kijinga," mzee akanung'unika, akimfuata.

"Ya maana kabisa!"

Coloma alikuwa amepitiliza kituo chake zamani. Akashuka nao, awasikilize.