Aliyeshinda na Njaa

Benchi la pembeni mwa duka la Mhindi aliyehama, katika mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, halikuzaliwa liwe la kijiweni. Lilichongwa kwa ajili ya ofisi ya teritwari, wilaya ya Wabeleji, ili raia wakae wakisubiri kuambiwa warudi kesho. Bwana mkaguzi wa samani akalipima, akakuta limepungua urefu wa kidole, akalikataa kwa barua yenye mihuri miwili. Fundi wake, Ndayisaba, ambaye mji mzima ulimwita Randa, akalibeba kichwani mpaka hapa, na tangu siku hiyo raia wanalikalia bila kusubiri chochote. Bi Zaituni alileta dele lake la shaba na jiko la makaa, akauza kahawa, ile kahawa ambayo wakulima wa milimani waliamriwa kuipanda na hakuna aliyekumbuka kuwaamuru waionje. Alasiri ile ya Jumatano walikuwa watatu: Randa mwenyewe, Planto, tarishi wa teritwari, aliyejua yaliyomo ndani ya barua kwa kuzipima uzito mkononi, na Mita, fundi cherehani, mjukuu wa watu wa Tabora, aliyevaa utepe wake wa kupimia shingoni hata akienda msikitini. Ziwa lilikuwa limetulia. Benchi halikuwa limetulia.

— Mia moja na mbili kwa nne, alisema Planto, kwa mara ya ngapi Mungu ndiye ajuaye. Bon. Mi naona ile haikuwa basketi tena. Ile ilikuwa sensa.

— Sensa angalau hufika mwisho, alisema Mita.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili, katika uwanja wa koleji ya Mafurere, watawa wa Kikatoliki. Vijana wa koleji walicheza mpira wa kikapu na wageni kutoka shule mpya ya ualimu ya Busasamana, huko juu chini ya volkano, ambako kikapu chao cha mazoezi kilikuwa kitunga cha viazi kilichokatwa kitako na kufungwa kwenye mkaratusi. Ubao wa matokeo ulikuwa kazi ya Randa, na Randa ndiye aliyepandishwa juu ya sanduku kutundika vibao vya namba. Kila upande ulikuwa na kulabu mbili: moja ya makumi, moja ya mamoja. Koleji ilifika tisini na nane. Ikatia tena, na kwa kuwa mia haikuwa na mahali pa kukaa, Randa akatundika sifuri na sifuri. Ikatia tena. Filimbi ya mwisho ilipolia, ubao ulisomeka hivi: Koleji 02, Busasamana 04.

Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Na kijana mmoja mrefu wa Busasamana, miguu mitupu, aliutazama ubao kwa muda, kisha akainua mikono yote miwili juu.

Mikono ile Randa alikuwa anaiona mpaka leo. Mfukoni alikuwa na kulabu mpya za chuma. Furere mkuu alimwagiza azipigilie kabla ya mechi ijayo, ili safari nyingine mia ikija ikute imeandaliwa mahali. Tangu asubuhi alikuwa akizigeuzageuza kwa vidole kama tasbihi.

— Makosa ni yako, Randa, alisema Mita. Ungetia kulabu tatu tangu mwanzo, kicheko kisingekuwepo.

— Kingekuwepo. Kingekuwa cha namna nyingine tu.

— Lakini kwa nini mbili? Mbao zilikwisha?

Randa alipuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imekwisha kupoa.

— Nilidhani aibu itafika kabla ya kulabu ya tatu.

Planto, ambaye ukimya ulimwasha kama upupu, hakungoja.

— Aibu ya nani? Wale vijana walikuwa na amri! Mi mwenyewe nilipeleka barua kwa Mafurere. Nzito, ya kurasa mbili. Bwana mukaguzi wa elimu anakuja, donc mupira uchezwe bila kupumzika. Bila kupumzika! Furere akafuata maandishi. Ungetaka aandikiwe tena ya kupumzika? Ile ingechukua miezi.

— Amri gani! Mita aliguna. Ni nguo. Zile fulana za koleji nilizishona mimi, nikapanua makwapa, mkono unaruka kama ndege. Wageni wamekuja na mashati ya kaki, wamefunga vifungo mpaka kooni kama wanakwenda kuungama. Mtu atatupaje mpira na kola imemkaba? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Na mwenyeji alipona mara mia, alisema Randa.

— Haba na haba hujaza kibaba, Planto alimtetea mwenyeji.

— Kibaba kilijaa kwenye ishirini, Planto. Zilizobaki zote zilimwagika chini.

— Wewe unasema hivyo kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unazitundika. Mikono inauma, moyo unasingiziwa.

Bi Zaituni aliwaongezea kahawa bila kuulizwa. Alikuwa na desturi ya kusikiliza akiwa amewapa mgongo.

— Muniache niseme kweli yenyewe, Planto alisogea mbele, na benchi likalia. Iko mambo ya pepo, ile inavuma. Kule volkano pepo ni nyepesi, mupira inaenda yenyewe. Huku ziwani pepo iko nzito, imejaa maji. Mutu wa juu akirusha, mupira inachoka njiani.

— Si pepo, ni viazi, alisema Mita. Mtu aliyelelewa kwa viazi huangalia chini. Chakula chake kipo chini. Utamwambiaje ghafla atazame juu, atafute tundu hewani?

— Na sisi tunaokula samaki, alisema Bi Zaituni bila kugeuka, samaki wetu huning'inia wapi?

Mita alijifanya kuukunja utepe wake.

— Bon, basi mutasikia ile kubwa, alisema Planto, akashusha sauti na kutazama huku na huku, ingawa mtaa wote ulikuwa unamjua kwa sauti hiyo. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa wanakuja kuangalia inchi. Na Wabeleji wana mupango wa miaka kumi. Mupango unataka nini? Hesabu ipande! Barabara ipande, kahawa ipande, hospitali ipande. Sasa magoli yabaki chini peke yake? Haiwezekani! Wameamua: kila kitu katika teritwari kifike mia.

— Na ile nne ya Busasamana? aliuliza Mita.

— Busasamana mupango haujafika. Wamesema mwakani.

Hata Randa alicheka, na kicheko kikamchoma njiani kama mwiba wa samaki. Bi Zaituni aligeuka sasa, dele mkononi.

— Mimi nauliza kitu kidogo tu. Wale watoto waliwaletea Mafurere kitunga cha viazi. Mgeni haji mikono mitupu. Walipoondoka walipewa nini?

Mita aliukunjua utepe wake tena.

— Kwa kina mama yangu, aliendelea Bi Zaituni, mgeni akija husimika mkuki wake uani. Akitaka kwenda hupewa kikombe cha mwisho. Agashinguracumu, cha kung'olea mkuki. Hata kama mmegombana. Hata kama ni adui, mnampa, anakunywa, ndipo anakwenda.

— Chai ilikuwepo, alisema Planto, na kwa mara ya kwanza alionekana hana haraka ya kusema. Na mikate. Lakini kwanza bwana mukaguzi alikuwa na hotuba.

— Hotuba ya nini?

— Ya uungwana katika michezo. Ilikuwa ndefu. Watoto wana safari ya mguu mpaka kule juu, jua likawa linashuka. Mwalimu wao akaomba ruhusa. Wakaenda.

— Na viazi?

— Viazi vililiwa, alisema Randa.

Hakuna aliyemwona mgeni akija. Alikuwa mtu wa makamo, koti limepauka mabegani, fimbo mkono mmoja na kijikapu mkono mwingine, na vumbi la njia limempanda mpaka magotini. Alisimama kwa adabu mbali kidogo na benchi.

— Wazee, mumeshindaje?

— Si sisi! Planto alisimama wima. Ni vijana wa koleji!

Mgeni alirudi nyuma hatua moja.

— Mi nasalimu tu, mzee.

— Tumeshinda salama, ndugu yangu, tumeshinda salama, Mita aliwahi, akimvuta Planto kwa kiuno cha suruali. Msamehe, siku hizi neno hilo limemkaa vibaya. Karibu uketi. Unatoka mbali?

— Busasamana. Miye ni Mbonigaba.

Benchi lililopungua urefu wa kidole lilionekana kupungua zaidi. Hata hivyo walisogea, akapata nafasi kati ya Mita na Randa, akaweka kijikapu katikati ya miguu yake.

— Mutoto wangu alikuja hapa Jumapili, alisema, kucheza ile mupira ya kitunga. Théogène. Ule murefu.

Kulabu mfukoni mwa Randa ziliacha kugeuka.

— Alifika usiku, nikamuuliza, mumeshinda? Akaniambia, baba, ubao uliandika nne kwa mbili. Tuko na nne. Mbonigaba alitabasamu, kwa aibu ya mtu asiyezoea kujisifu mbele za watu wa mji, akaendelea: Mama yake akapiga vigelegele. Majirani wakakuja na pombe, wakashangilia. Yampayinka, watoto wa viazi wameshinda koleji! Nikachinja jogoo.

— Hongera, alisema Mita, na neno likatoka limepasuka katikati.

— Asante, mzee. Ni nani alitengeneza ile ubao?

Planto alitazama ziwa. Mita alitazama ziwa. Ziwa lilikuwa halijawahi kutazamwa kwa bidii namna ile.

— Mimi, alisema Randa.

— Ee, fundi! Mbonigaba aligeuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mutoto anasema namba zako zinasomeka vizuri, hata mutu akiwa mbali. Nimekuletea viazi, kidogo tu. Mutu akikuandikia neno zuri, utamushukuru.

Akakisogeza kijikapu mpaka kikagusa kiatu cha Randa. Viazi vilikuwa vimeoshwa.

— Lakini iko neno moja limenileta, alisema Mbonigaba, na tabasamu likamwondoka polepole. Yule jogoo hakumuonja. Aliweka mukono kwenye sahani, akautoa. Kesho yake vilevile. Leo vilevile. Nikisema Jumapili, anatoka nje. Mwalimu wake namuuliza, anatazama chini. Mutoto wangu hasemi uongo, wazee, tangu akiwa mudogo. Nyinyi ni watu wa mji, munajua mambo ya hii michezo. Munielezee. Mutoto ameshinda. Mbona anashinda na njaa?

Planto, aliyekuwa na jibu la pepo, la barua na la Umoja wa Mataifa, alifungua kinywa, akakijaza kahawa. Mita alishika utepe akaanza kulipima goti lake mwenyewe. Mtaa mzima uliendelea na kelele zake, cherehani ya jirani, mwanamke akimwita mbuzi, lori likipanda kuelekea mpakani.

Randa alitafuta neno. Yalikuwapo mawili, na yote mawili yalikuwa mabaya. Akisema kweli, jogoo yule angechinjwa mara ya pili, na vigelegele vya mama virudishwe kooni mbele ya majirani. Akinyamaza, mtoto angebaki nayo peke yake. Maana sasa Randa alielewa. Kijana hakuwa amedanganywa na ubao hata kidogo. Alipoinua mikono alikuwa anajua vizuri kuliko wote waliocheka, na alichoinua ni hicho tu walichomwachia. Mia ile iliyokosa mahali pa kukaa ubaoni ilikuwa imepata mahali. Ilikaa tumboni mwa Théogène, na chakula hakikuwa na nafasi.

— Pengine amechoka, alisema Mita mwishowe. Kushinda huchosha.

— Siku tatu, mzee?

Mita alirudi kwenye goti lake.

— Bi Zaituni, alisema Randa, mpe mgeni kahawa.

Bi Zaituni aliinamisha dele juu ya kikombe kisafi. Likatoka tone moja, kisha mashapo meusi yakateleza mpaka mdomoni mwa dele na kukwama pale. Akalitikisa. Akalifunua, akatazama ndani, akalifunika.

— Imekwisha, alisema, na macho yake yalikuwa kwa Randa. Hata ya kung'olea mkuki.

— Haizuru, mama, haizuru, Mbonigaba alisimama, akachukua fimbo yake. Safari yangu ni ndefu. Nawashukuru, wazee. Mushinde vizuri.

Neno lile liliwapita wote watatu, na safari hii hata Planto hakuruka.

Randa aliingiza mkono mfukoni. Akazitoa zile kulabu mpya, akazitumbukiza katika kikombe chake kitupu, zikalia, akakiweka kikombe juu ya benchi.

— Na hizi? aliuliza Bi Zaituni. Furere akija?

— Mwambie mia haina mahali kwangu.

— Na wewe unakwenda wapi?

— Kumsindikiza mgeni.

Akabeba kijikapu cha viazi, maana hakuweza kukiacha na hakujua namna ya kukirudisha. Wakaenda bega kwa bega, wakapita msikiti, wakapita nyumba ya mwisho ya matofali. Mbonigaba alizungumza juu ya mvua. Randa aliitikia. Kila mara alipofungua kinywa, neno lilimjia likiwa na ukubwa wa tarakimu tatu.

Walifika njia panda, mahali ambapo kwa desturi mwenyeji humuaga mgeni na kurudi. Mbonigaba alisimama, akanyoosha mkono, akangoja aagwe. Kwa mbali nyuma, kijiweni, Planto alikuwa anamwita Randa kwa jina lake la ubatizo, jambo asilolifanya ila kwenye misiba.

Randa hakuupokea mkono ule. Alihamisha kijikapu begani, akatazama njia inayopanda Busasamana.

— Twende, alisema. Ni mbali, na mimi si mwepesi wa kusema nililo nalo.