Eno Twenewaa na Kipaza Sauti Alichofungiwa Mkononi

Wasikilizaji wapendwa, aliye na mchi wa kutwangia ugali wa fufu mkononi auweke chini kidogo. Aliye dukani amwombe mteja asubiri. Leo tunamkumbuka mtu wetu, na nawaambia mapema kwamba sina furaha. Nimekaa hapa studio nimechefuka. Anayetaka maneno matamu atafute kituo kingine, kisha arudi kwetu saa ya mpira.

Jina la marehemu ni Eno Ama Twenewaa. Narudia: Eno Ama Twenewaa, wa Nkwantanan, huku kwetu kwa Waasante. Aliongoza kikundi cha akina mama cha nnwomkoro, zile nyimbo zetu za wanawake, za kumsifia aliye hai na kumlilia aliyekufa. Wilaya hii ukifiwa, kabla hujatafuta jeneza ulimtafuta Twenewaa.

Alijifunzia wapi? Shambani. Mama yake na wenzake walikuwa wakiketi kwenye lundo la kakao, wanapasua na kuimba, wanapasua na kuimba, naye mtoto yuko katikati ananyonya utamu wa mbegu na kusikiliza. Akikosea neno, mama yake hamwambii lililo sahihi. Anamfinya paja, wimbo unaanza upya. Eno mwenyewe aliniambia hapa hapa studio, akicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Alisema, "Mwanangu, wewe ulisoma kwa kichwa. Mimi nilisoma kwa paja."

Hakuwa mpole. Tusidanganyane kwa sababu kafa. Palikuwa na bwana mmoja, jina lake nalisitiri, mkewe kajifungua juzi tu, na yeye anashinda kwenye mvinyo wa mnazi kutoka asubuhi. Eno akamtia kwenye wimbo, tena mbele ya wakwe zake. Akaimba, "Mwanamume wa shoka, ndoo ya maji inakuuliza, wewe una mikono?" Na mnajua desturi yetu. Kwenye nnwomkoro ukitajwa jina, unasimama, unainua mkono, unaitika kwamba upo. Yule bwana akasimama, mkono juu, jasho linamtoka, watu wanagaragara kwa kicheko. Kesho yake alionekana kisimani na ndoo kichwani.

Huo ndio uliokuwa wimbo wa Twenewaa. Anaita, unaitika. Mtu hai anamwita mtu hai, kwa ajili ya aliyekufa. Mfu yeye haiti. Na akiita, hakuna Mwasante aliyelelewa na mama yake atakayefungua kinywa, maana kumwitika mfu ni kukubali kumfuata. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Shikeni hapo, maana uchafu wote ninaotaka kuusema unaanzia hapo.

Eno alimlea mjukuu wake, Afrakoma, mtoto wa binti yake aliyefariki. Afrakoma ni fundi cherehani pale njia panda, kijana wa watu, mkimya. Bibi alimfundisha nyimbo zote, na mapaja yalifinywa kweli kweli. Alishawaambia wenzake kikundini, "Nikiondoka, huyu ndiye." Na kikundi kile kina sharti lake. Kiongozi akifa, anayemrithi lazima amlilie yeye kwanza, mbele ya maiti, kwa kinywa chake, na wenzake wamwitikie. Asipofanya hivyo, kikundi hakina kiongozi na nyimbo zinalala. Afrakoma hakuwa akidai nyumba wala shamba. Alidai nafasi moja tu, amlilie bibi yake.

Sasa mkuu wa ukoo. Ni Opanin Kwaku Amponsem, mtoto wa mdogo wake Eno. Kwa hiyo Eno alikuwa mama yake mkubwa, na Afrakoma humwita mjomba. Opanin anapenda shughuli. Mradi kuna turubai na kamera, yeye yupo. Mwaka mmoja kabla Eno hajafa, kwenye maziko ya jirani, alimwelekezea simu akamrekodi akiimba. Eno alimwona. Akakatiza wimbo katikati, akamwuliza, "Kwaku, hiyo simu ikinisikia, itaniitikia?" Opanin alicheka. Ndiyo kawaida yake, asichokielewa hukicheka.

Eno Twenewaa alifariki msimu wa harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi, mchana, akimenya ndizi za kuchemsha. Afrakoma aliniambia hivi: "Alisema mguu umekufa ganzi. Nikadhani ni mguu tu. Nikaenda kuteka maji ya kumkanda, narudi namkuta ameegemea ukuta, ndizi bado iko mkononi." Ndivyo alivyokwenda. Hakumsumbua mtu.

Wasumbufu walikuwa waliobaki. Maiti akapelekwa kwenye barafu, akakaa miezi. Kwa nini? Opanin alikuwa anapaka nyumba rangi. Mwanamke aliyewalilia watu wa wilaya nzima alilazwa kwenye friji akisubiri ukuta ukauke! Na nyumba yenyewe wamepaka mbele tu. Nyuma nendeni mkatazame wenyewe.

Siku ya maziko nilikuwepo. Turubai hadi barabarani. Chupa za maji zimebandikwa picha ya Eno anacheka. Watu wanakunywa, wanatupa. Mfereji wote umejaa uso wa Twenewaa, mbuzi wanaukanyaga. Palikuwa na keki. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi, lakini hawakusema mkate keki!

Nikaingia chumba alicholazwa. Niseme hakulazwa, maana walimkalisha. Walimkalisha kwenye kiti cha dhahabu, nguo nzuri ya kente, glavu nyeupe, kichwa kimeegemezwa vizuri kabisa. Na mkononi, wasikilizaji wapendwa, wamemfunga kipaza sauti. Kipaza! Kwa uzi mweupe, vidoleni, kimeelekezwa mdomoni. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakushika kipaza, ambaye sauti yake ilivuka mto bila umeme.

Pembeni yangu alikuwa Maame Saah, yule mama anayepiga kengele ya chuma kwenye kikundi. Akasema kwa sauti, hakunong'ona, "Nimeona maiti kavaa miwani. Nimeona maiti kashika gazeti. Lakini maiti kurudishwa kazini? Aka! Hata kufa hajapumzishwa?"

Akina mama wa kikundi walikuwa wamekaa sakafuni, wamevaa nyeusi, wanamngojea Afrakoma aanze. Afrakoma amesimama, amepumua, anataka kufungua kinywa. Mara spika zikaunguruma. Ngoma za mashine, dundu dundu, kisha sauti. Sauti ya Eno mwenyewe! Ile ya kwenye simu ya Opanin, imepelekwa studio mjini, imewekewa vinanda. Maiti kakaa na kipaza mdomoni, na sauti yake inatoka ukutani, anajililia mwenyewe.

Mshereheshaji akapayuka, "Akina mama, mwitikieni bibi! Mwitikieni! Mbona mmenuna? Au mnataka chakula kwanza?" Watu wakacheka. Akina mama hawakufungua kinywa. Mmoja alijifunika uso kwa nguo. Mgeni mmoja kutoka Accra akamwambia mwenzake kwamba wazee wa kijijini ni wakaidi sana. Wakaidi! Walikuwa wanakataa kumfuata maiti.

Na wimbo ule ulikuwa ule wa kwenye maziko ya jirani, na siku ile Afrakoma alikuwepo, na bibi alimtaja kama anavyotajwa yeyote. Basi ikafika pale. Spika zikaita, "Afrakoma ee, mjukuu wangu, uko wapi? Inua mkono nikuone."

Watu wote wakamgeukia. Mshereheshaji akashangilia, "Huyo hapo! Inua mkono, dada, bibi anakuita!" Opanin mwenyewe akawa anampungia, inua, inua, kamera inakutazama. Mjomba wa damu anamhimiza mtoto amwitike maiti, ili picha ipendeze.

Afrakoma hakuinua mkono. Alikwenda mpaka kwenye kiti. Akapiga magoti, akaanza kufungua ule uzi vidoleni, taratibu, kama anavyofumua pindo la nguo. Akakitoa kipaza, akakiweka sakafuni, akaulaza mkono wa bibi yake juu ya paja. Halafu akaimba. Hakuimba wimbo wa simu. Aliimba wake, alioutunga yeye:

"Twenewaa ee, leo naita mimi.
Wewe nyamaza, umeita vya kutosha.
Waliobaki wanijibu, wewe lala."

Na akina mama wakaitikia! Wote. Maame Saah akapiga kengele yake mpaka nikadhani itapasuka.

Mngedhani Opanin angeona haya. Thubutu! Alimfanyia ishara kijana wa mitambo aongeze sauti. Akaongeza. Bibi aliyekufa anaita kutoka ukutani, mjukuu aliye hai anaita kutoka sakafuni, na katikati yao ngoma za mashine. Mjukuu akashindwa. Niliona kinywa chake kinafunguka na kufungika, mishipa ya shingo imesimama, sikusikia neno. Waliokuwa nje kwenye viti wanasema mpaka leo kwamba siku ile hakuna aliyeimba, ilipigwa tu kanda.

Kesho yake wazee wa ukoo wakaketi. Kosa, kuharibu shughuli na kumnyang'anya maiti kitu mkononi. Faini, kondoo na chupa za shinapi, ile pombe kali ya matambiko, na kuomba radhi. Opanin akasema, "Umeniaibisha mbele ya wageni. Wageni wametoka Accra, binti!"

Afrakoma akajibu, "Mjomba, nikileta kondoo nitakuwa nimekubali kwamba bibi alijililia mwenyewe. Sileti."

"Basi hutaimba kwenye msiba wowote wa ukoo huu."

Maame Saah, ambaye hata hakuitwa kikaoni, akadakia mlangoni, "Sawa, Opanin. Ukoo wenu ufe kimya kimya."

Opanin akaona upenyo. Akatangaza kwamba sharti la kikundi halikutimia, kwa kuwa Afrakoma hakusikika. Kwa hiyo kikundi hakina kiongozi, na yeye kwa huruma zake atatumia kanda kwenye misiba ya ukoo. Huyo ndiye mlinzi wetu wa mila! Akina mama walimjibu jambo moja tu. Walisema sharti ni kuitikiwa, na waliomwitikia wanajua walichosikia. Walikuwa wameketi miguuni pa Afrakoma. Opanin alikuwa wapi? Alikuwa kwenye mitambo.

Wiki hii Opanin ameniletea ile kanda niipige kwenye kipindi hiki. Ameleta na utangulizi niusome, eti "sauti isiyokufa". Isiyokufa! Imekufa, bwana. Ndiyo maana tulikuja kuzika. Kanda iko hapa mezani, na mezani itabaki.

Mimi nitawaambia nilichosikia Jumamosi iliyopita. Kijiji cha pili kutoka Nkwantanan walifiwa na mzee wao, watu wasio wa ukoo wa Opanin. Kikundi kilikwenda, na Afrakoma aliongoza. Hapakuwa na spika. Ubeti wa kati akauchanganya, akataja babu wa marehemu kabla ya mama yake. Bibi mmoja wa pale akapaza sauti kutoka jikoni, mwiko mkononi, "Siyo hivyo, we mtoto! Mama kwanza!" Wimbo ukasimama. Watu wakacheka, wafiwa nao wakacheka na machozi yao. Akaanza upya, na safari hii akapata. Kanda haikosei, ndugu zangu, na ndiyo maana hakuna anayehangaika kuisahihisha.

Basi tafakarini. Nyumbani kwako yuko mama anayejua wimbo ambao wewe huujui. Usikimbilie kumwelekezea simu. Kaa chini, aite, umwitikie, akufinye paja ukikosea. Na akifa mzikeni, msimtume kazi.

Tunatoa pole kwa Afrakoma. Tunatoa pole kwa Maame Saah na akina mama wote wa kikundi cha Nkwantanan. Tunatoa pole kwa wote ambao Eno Ama Twenewaa aliwalilia watu wao, na ni wengi, na wanajijua.

Na Opanin Kwaku Amponsem, najua unasikiliza, unangoja kanda yako. Pole, mzee wangu. Umefiwa na mama yako mkubwa. Nimeona nikutangazie mimi, maana siku tuliyomzika ulikuwa na shughuli, na sidhani kama habari ilikufikia.