Siku Mama Alipokemea Mashine ya Geme

Bwana asifiwe! Na nyinyi wa viti vya nyuma mlioanza kusinzia, Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, Mchungaji amenipa dakika tano. Yeye mwenyewe akisema "namalizia" tunajua chakula bado kiko mbali, lakini mimi ni mtoto mtiifu, nitajaribu. Ameniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyonitoa kwenye geme. Mchungaji, nisamehe, ushuhuda nilio nao si huo. Mungu hakunitoa kwenye geme. Mungu aliingia kwenye geme, tena kwa mlango wa duka la chipsi, na aliyefunguliwa ni mama yangu. Amekaa pale, mwenye kitambaa cha kijani, ananitazama kwa yale macho ya "tutaonana nyumbani". Nilimwomba ruhusa akakubali, kwa hiyo tuendelee kabla hajaghairi.

Mnaotufahamu mnajua tulitoka Bukavu, tukapita kambini, tukaletwa Birmingham, mimi na mama tu. Tukapewa nyumba mtaa wa Lozells, imebanana na nyumba za jirani kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Mimi nikapelekwa shule. Mama akabaki ndani. Na ninaposema ndani, ndugu zangu, ni ndani! Pazia limefungwa mchana kweupe, mlango una komeo na mnyororo. Jumapili gari la kanisa lilimchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Siku nyingine hakukanyaga hata kizingiti. Kiingereza hakukijua, njia hakuzijua, na mtu akigonga alizima redio na kubana pumzi, hata kama ni mleta barua. Mimi ndiye niliyekwenda dukani, mimi ndiye niliyemsemea kwa daktari. Daktari akiuliza kama analala vizuri, mama ananiambia, "Mwambie ndiyo." Nami namwambia ndiyo, huku nikijua ni hapana.

Mama huyu, kule Bukavu, aliuza vitenge sokoni! Akicheka, wateja wa meza za wenzake walihamia kwake kuja kuona kuna nini. Hapa akawa ananyamaza kidogo kidogo, kila wiki anapungua. Nilimfanyia vituko vyote ninavyovijua. Nilimwigiza mwalimu wangu wa hesabu. Nilimwigiza shemasi anayepitisha kapu la sadaka huku anachungulia nani ametoa nini. Nilimwigiza Mchungaji, samahani. Alitabasamu kwa adabu tu, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani. Mimi huwa siogopi kitu ila sindano, lakini hilo liliniogopesha: kwamba iko siku nitarudi nyumbani nimkute mama yupo, lakini hayupo.

Sasa sikilizeni habari ya sanduku.

Kwenye barabara yetu kuna duka la chipsi, na katika kona yake, karibu na friji ya soda, kulikuwa na mashine ya geme, zile kubwa za kusimama, za mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa bado nanyonya. Wenzangu shuleni walikuwa na mashine mpya majumbani, zenye picha utadhani sinema. Hii yetu ilikuwa ni bibi kizee: kioo kimefifia, wekundu umegeuka waridi, na kitufe cha teke hakikukubali mpaka ukipige ngumi. Ndani ni watu wawili wanapigana, moto unawatoka mikononi, basi. Lakini kila baada ya shule tulijaa pale, kwa sababu kwenye mashine ile hukungoja kualikwa na mtu. Imrani alikuwepo, Dwayne alikuwepo, na mimi niliyefika na maneno machache ya Kiingereza nilipata marafiki bila kuongea. Unapigwa, wanakucheka, kesho unarudi.

Na ilikuwa na desturi yake. Ukitaka kucheza na anayeshinda, unaweka sarafu yako ukingoni mwa kioo, chini ya picha. Atakayekuja nyuma yako anaweka yake pembeni. Hakuna kusukumana wala kubishana, sarafu inakushikia foleni. Sheria hiyo iliheshimiwa kuliko Amri Kumi. Hata wakubwa wenye ndevu waliifuata.

Siku moja Mama Neema, ambaye ninampenda katika Bwana, alipita akachungulia dirishani. Akaona nini? Vijana wameinamisha vichwa mbele ya sanduku. Ndani ya sanduku watu wanatoa moto. Na mbele yake, sarafu zimepangwa mstari! Ndugu zangu, nyinyi mngesemaje? Akaenda mbio kwetu.

"Mama Daudi! Mtoto wako anatoleaka sanamu sadaka! Nimeona na macho yangu!"

Akasema hivyo akaondoka, maana alikuwa anawahi basi la kazini. Mama akabaki peke yake na habari ile. Akampigia Mchungaji simu, ikaita, ikaita, ikakatika. Mchungaji, hilo tutaliongea mimi na wewe. Kwa kawaida kukiwa na jambo la nje, mama ananituma mimi. Lakini safari hii mimi ndiye jambo lenyewe.

Mama akatoa mnyororo. Akatoa komeo. Akatoka.

Ameniambia alitembea ameshika kuta za nyumba za watu, akiomba kwa sauti. Hakujua duka liko mkono gani, akafuata harufu ya mafuta.

Mimi nikaona tu mlango wa duka unafunguka, na mama yangu huyo! Kandambili miguuni, koti la baridi juu ya kitenge, Biblia mkono huu, chupa ya mafuta ya upako mkono huu. Akapita katikati yetu, akazifagia sarafu zote zikaingia chini ya friji, akaimwagia mashine mafuta, akapaza ile sauti ya sokoni:

"Pepo la moto! Achilia mtoto wangu! Toka! Toka kwa jina la Yesu!"

Imrani aliyekuwa anacheza akashtuka, akaachia kila kitu. Mtu wake akala teke, akaanguka. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi makubwa.

"Kinasema nini?" mama akaniuliza.

"Kinasema imekwisha, mama."

"Haleluya!"

Hapo nikamwona mwenye duka anatoka nyuma ya jiko lake la chipsi. Mzee Gurmit, Singasinga mwenye kilemba na aproni, ambaye hata wakorofi wa mtaa walimwogopa. Kicheko kikanikauka. Nilijua kitu kimoja: mzee huyu akimfokea mama, mama atarudi ndani, atafunga mnyororo, na hatatoka tena.

Mzee akatazama mafuta yanavyotiririka. Akatazama Biblia. Akasema, na ndugu zangu, akasema kwa Kiswahili!

"Mama, pole pole. Mashine yangu imekukosea nini?"

Siku zote hizo nilikuwa namwagiza chipsi kwa Kiingereza changu kilichovunjika, na yeye kimya!

Mama akamgeukia. "Weye, baba... unasemaka Kiswahili?"

"Mimi zaliwa Kisumu, mama. Baba yangu alikuwa na duka huko. Kiswahili nitasahau aje?"

"Na hii sanamu?"

"Sanamu wapi! Hii ni mchezo ya watoto. Hizi pesa ni ya foleni. Huyu, halafu huyu, halafu huyu. Mungu gani atakubali sadaka kidogo hivi?"

"Wetu anakubali," mama akajibu. "Hata ya mjane."

Mzee akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Akaifuta mashine kwa aproni, akasema mafuta ya mama ni safi kuliko yale anayokaangia. Akamletea mama chai ya maziwa yenye tangawizi, akamvutia kiti.

Ikabaki shida ya sarafu. Nani anafuata? Hakuna aliyejua, zote zilikuwa chini ya friji. Dwayne akakuna kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba aliyeondoa foleni ndiye aanze. Nikamtafsiria mama, na safari hii sikupunguza neno. Mama akakataa. Mzee akamwambia, "Cheza, mama, uone mwenyewe kama iko shetani ndani."

Mama akaiweka Biblia juu ya friji, akaishika mashine. Vitufe vyote vinateleza kwa upako! Mtu wake akaruka, akaruka, akapiga ngumi hewa. Dwayne, aliyeshika upande wa pili, akamvumilia kidogo, halafu, kwa kuwa Dwayne hana huruma, akamwangusha.

"Weye Dwayne! Unapigaka mama wa watu?"

Na mama akacheka. Ndugu zangu, akacheka! Kile kicheko cha Bukavu, cha vitenge, cha kuhamisha wateja! Watu wa foleni ya chipsi wakageuka. Mimi niligeukia friji nikajifanya nachagua soda, maana sikutaka Imrani aone uso wangu.

Tangu siku hiyo mama alienda kwa Mzee Gurmit kunywa chai na kubishana ni Kiswahili cha nani kilicho sawa. Mke wa mzee akataka kufundishwa kupika sombe, yale majani yetu ya muhogo, naye akamfundisha mama mabasi. Mashine ilikufa baadaye. Mama anasema ni uzee, mzee anasema ni upako.

Na wiki iliyopita nilirudi kutoka shule, nikagonga. Kimya. Pazia wazi, redio haiimbi. Ufunguo sijawahi kubeba, kwani lini mama hakuwepo saa ya mimi kurudi? Jirani akanionyesha kwa kidole upande wa kituo cha basi: ameenda mjini, peke yake. Mvua ikaanza. Nikakaa pale mlangoni, nimelowa, njaa inaniuma, nikapiga kelele, "Asante Yesu! Mama hayupo nyumbani!" Jirani akafunga dirisha lake.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Na wewe ambaye nyumbani kwako yuko mtu amejifungia, umemchekesha umechoka, usikate tamaa. Mkabidhi kwa Bwana, naye atamtoa, kwa njia ambayo hata Mchungaji hajaiombea. Mwaminini.

Lakini mbebe ufunguo. Amina!