Mama Mitaro na Lango Linalokesha

Ndugu waombolezaji, kwa kawaida msomaji wa historia ya marehemu huanza kwa kuomba simu zizimwe, lakini familia inaomba zenu ziachwe zikiwa na sauti, na sababu mtaisikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mitaro, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, mtoto wa nne wa muuguzi na seremala, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na mtaro mkuu, ambamo kila mvua kubwa iliponyesha godoro lilipandishwa juu ya meza na watoto juu ya godoro. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari hadi 1986, akahitimu shahada ya uhandisi wa maji mwaka 1991, na shangazi yake alipomuuliza kama kweli amesoma miaka yote hiyo ili akazibue mitaro, alimjibu kwamba ndiyo, shangazi, na ataanza na wa kwake.

Aliajiriwa na idara ya mitaro ya jiji tarehe 3 Februari 1992, na tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, aliyekutana naye alipokuwa akimnyooshea mfuniko wa mtaro uliopinda, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1996, 1999 na 2003.

Kazi iliyompatia maadui ilianza mwaka 2015, alipoweka lango linalojiendesha kwenye bwawa la mwisho wa mtaro mkuu. Vifaa vilivyoning'inizwa juu ya mtaro hutazama chini na kupima maji yamefika wapi, lango hujifunga na kuzuia maji ya kwanza ya mvua, yale yenye oili, taka na vinyesi, yasifike ufukweni wanakoogelea watoto, yakishatuama huyaachia taratibu, na mtaro ukikaribia kufurika hufunguka lenyewe kuokoa nyumba.

Tarehe 9 Novemba 2018, katika mvua ya kawaida tu, lango lilifunguka, uchafu wote ukaingia baharini, watoto wakaharisha, na mkuu wa idara akatangaza kwamba mtambo wa mama huyo unasema uongo, akaamuru lango liachwe wazi na marehemu ahamishiwe stoo. Ukweli ambao ofisi haijautamka hadi leo, na ambao familia inautamka hapa, ni kwamba vibarua, kwa kukipenda kifaa kimojawapo cha kupimia, walikivalisha ndoo kisilowe, nacho kikaona kitako cha ndoo, kikadhani maji yamefika ukingoni. Marehemu aliivua ndoo kwa mkono wake, akakataa kibarua hata mmoja afukuzwe, akakataa vilevile kuusingizia mtambo, akakaa stoo miaka miwili akipanga mabuti, hadi ufukwe uliponuka kiasi cha wakubwa kushindwa kupita na wageni wao, wakamrudisha kazini yeye na lango lake. Ndoo yenyewe ndiyo hiyo hapo mbele yenye maua, na hilo lilikuwa agizo lake.

Aligunduliwa na saratani ya ini Juni 2023. Mvua iliponyesha tarehe 2 Machi mwaka huu, simu yake ililia wodini kumwarifu kwamba lango limejifunga, akacheka hadi muuguzi akaja mbio, akamwambia kwamba lango lake lina adabu kuliko wagonjwa wa wodi ile. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Jana, kabla hata hajazikwa, tumesikia kwamba idara inajiandaa kuuzima mtambo huo. Marehemu alilitarajia hilo, na kabla ya kulazwa alipita nyumba kwa nyumba akiunganisha simu za majirani, hivyo mtu akilizima lango, hata kwa dakika moja, simu zote hulia kwa pamoja. Ndiyo maana leo hamjaambiwa mzizime. Mkuu wa idara, tunakushukuru kwa kufika, na tunakujulisha kwamba namba yako nayo imo, aliiweka mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na vibarua wa mtaro waliosema jeneza hili halibebwi na mwingine.

Pumzika, Mama Mitaro, zamu sasa ni yetu.