Veronika Amerudi Kwenye Sinia

Bwana Yesu asifiwe sana, ndugu zangu! Wanaonifahamu hapa Unyambwa wanajua sina mazoea ya kusimama mbele za watu. Leo nimeshindwa kukaa kimya.

Mjukuu wangu Veronika alikuwa na vidole vigumu. Alifika umri wa kuanza shule hajaweza kufunga kifungo wala kushika penseli. Kula ndiko kulikotutesa. Kwetu ugali wa uwele na mboga ya mlenda huliwa kwenye sinia moja, na mlenda mnaujua unavyoteleza. Alikuwa akiumwaga, na mimi nikiona haya mbele ya wageni. Nikaamuru akae pembeni, bibi yake amlishe kwa kijiko. Niliiita huruma. Ndugu zangu, ilikuwa aibu yangu!

Tulipokwenda kumwandikisha shule, mwalimu alitushauri twende hospitali kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayefundisha mikono kazi za kila siku. Nilitegemea sindano. Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti tu; akaniamkia, akaketi mkekani na Veronika, akampa punje za alizeti azitie kwenye chupa, moja moja. Mikono yake mwenyewe aliificha mgongoni, asije akashawishika kumsaidia. Subira ile sijaiona kwa mtu mwingine.

Kisha akauliza mtoto anakulaje nyumbani. Nikajibu kwa fahari kwamba tunamlisha.

"Babu," akasema taratibu, "kumega tonge, kulifinya, kubonyeza kwa dole gumba na kuchota, hayo yote ni mazoezi. Mrudishe kwenye sinia."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Tukamrudisha. Mlenda ulimfika viwikoni! Mjomba wake akamtania, "Vero, leo umekula au umeoga?"

"Nimekula, mjomba. Sogeza mkono, unanimalizia."

Tuliendelea na kliniki, na alizeti, na sinia, huku tukiomba. Jumapili iliyopita wazee wa kanisa walikula kwangu. Veronika akaketi katikati yetu. Akamega, akafinya, akabonyeza, akachota, mlenda ukafika mdomoni. Wageni waliendelea na mazungumzo yao, hakuna aliyeona cha ajabu. Mimi peke yangu niliacha kula, kwa machozi.

Asante Mungu wangu, na umbariki binti yule! Nawe ndugu uliyemweka mtoto wako pembeni, mtumaini Bwana, umpeleke hospitali. Na mchana huu, kabla hujanawa wewe, mnawishe yeye kwanza.