Swali la Tisa

Benchi limeegemea ukuta wa kinyozi, upande wa nje, na huchukua watu wanne wakibanana. Asubuhi ile walikuwa watatu: Kinyozi, ambaye hakuwa na mteja, Dobi, anayepiga pasi sare za kambi iliyo juu ya barabara, na Afande, mkufunzi wa mazoezi wa kambi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Afande alikuwa na barua. Ilisema amefeli mtihani wa cheti cha mazoezi ya nguvu na utimamu wa mwili. Atarudia Jumatatu. Akifeli tena, atahamishiwa stoo ya viatu. Birika la kahawa lilikuwa nusu.

— Soma tena hapo pa stoo, Dobi alisema.

— Nisome mara ngapi? Stoo ni stoo.

— Miaka yote hiyo unakimbiza watu, leo ndo wanakuuliza cheti! Kinyozi alidakia. Mimi nani kaniuliza cheti cha wembe?

— Wewe ukikosea, nywele zinaota tena, Dobi alisema.

— Elimu ni bahari, bwana. Ndiyo maana watu wanazama. Kwani ulikosa nini, Afande?

— La tisa nililiacha wazi. “Taja dalili za askari anayepaswa kusimamishwa mazoezi mara moja.”

Kinyozi alijipiga paja.

— Swali gani hilo? Askari anasimamishwa?

— Kwetu anayesimama anaongezewa mzunguko, Afande alisema. Na mimi niliongezewa, nilipokuwa kuruta.

— Ni biashara hiyo, Dobi alisema. Wanaouza zile saa za kupima mapigo ya moyo ndio waliotunga mtihani.

— Saa wapi! Kinyozi alisema. Adui huyo. Kaona risasi hazituwezi, kaleta karatasi. Jeshi zima likae darasani, yeye aingie kwa miguu, taratibu. Mwenda pole hajikwai.

— Atukute tunajaza dalili!

Wawili walicheka. Afande aliikunja barua.

— Au ni kwa sababu ya yule kuruta wako? Dobi aliuliza, sauti imeshuka.

— Alianguka mzunguko wa kumi na moja.

— Wa kumi na moja ndo ule wa kuongezewa?

— Ndiyo.

— Bado yuko hospitali?

— Yuko. Figo zimegoma.

— Mchelea mwana kulia, hulia yeye, Kinyozi alisema.

Dobi alijimiminia kahawa.

Mama mmoja alikuja kuchukua nguo kwa Dobi: suruali mbili, mashati matatu. Alipopokea hakuondoka. Aliangalia buti za Afande.

— Samahani kaka. Wewe ndiye unayewakimbiza pale juu?

— Ndiyo, dada.

— Binti yangu anaripoti Jumatatu. Nguo zake hizi. Mbishi huyo, toka mdogo hasemi amechoka. Sasa akizidiwa, utamjuaje?

Dobi alilichukua shati moja mikononi mwa mama, akalikunja upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. Kinyozi alitazama kiti chake kitupu kupitia mlangoni.

Afande aliigeuza barua. Nyuma haikuwa na maandishi.

— Nipe kalamu, alimwambia Kinyozi.

Akaandika tisa, akaweka nukta. Mama alisubiri, amekumbatia nguo. Kalamu haikusogea tena.